Kipande cha Mwalimu Salama na Bhajia za Bi Mishi

Vijana wangu, nasikia nyinyi ndio werevu. Simu zenu zafunguka kwa kidole, zafunguka kwa uso, na juu ya yote hayo mumezitia namba ya siri ambayo ni tarehe ya kuzaliwa mtoto wenu, tarehe ambayo mumeshaitangazia dunia pamoja na picha ya keki. Mashallah. Kisha mwaenda harusini, mkoba mwautupa juu ya kiti cha plastiki, mwaingia kucheza. Mukirudi mkoba hauko, mwaanza kulia kama mumefiwa.

Mimi naitwa Maimuna, ila Mji wa Kale waniita Bi Mai wa Fotokopi. Miaka thalathini na kitu nimekaa kwenye kiduka cha upana wa mlango na nusu, kichochoro cha tatu ukitoka Ngome ya Yesu, nikipiga chapa barua, nikipiga picha za pasipoti, nikitoa nakala za vitambulisho. Sisi wa zamani twaviita vipande. Vipande vya mtaa mzima vimepita mkononi mwangu. Nawajua nyote kwa picha zenu mbaya. Kuna warembo wa mtaa huu wanaotembea kama wamemeza mti, mimi nimeviona vipande vyao, nimenyamaza.

Sasa nimestaafu. Magoti yalistaafu kwanza, mimi nikayafuata. Lakini haipiti wiki bila mmoja wenu kunijia nyumbani: "Bi Mai, nimepoteza pochi, nifanye nini?" Namuuliza ndani mlikuwa na nini. Anihesabia: kipande, kadi ya benki, kadi ya hospitali, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ambacho sijui alikuwa akikitembeza kwa nani, na kikaratasi kidogo kilichokunjwa. "Kikaratasi cha nini, mwanangu?" "Nimeandika namba ya siri ya kadi, nisije nikasahau." Wallahi, mwizi wa siku hizi hana kazi. Kazi yake twamfanyia sisi, yeye aja kuchukua tu.

Haya, sikizeni, maana nitasema mara moja na chai yangu yapoa. Ukipoteza mkoba, usianze kuutafuta chini ya kitanda cha shangazi yako. Omba simu ya mwenzio, wapigie watu wa laini waifunge laini yako saa hiyo hiyo, kwa sababu mwenye laini yako na kipande chako amekwisha kuwa wewe, tena wewe mwenye bidii zaidi. Wapigie benki. Kisha nenda polisi uandikwe kwenye kitabu chao, wakupe abstrakti. Nyinyi mwadhani karatasi hiyo ni ya kupatia kipande kipya tu. La. Karatasi hiyo ni shahidi wako. Yasema: tangu siku hii, kipande hiki kikifanya lolote, si mimi. Kwa hivyo siku ina maana. Usingoje wiki mbili ukisema labda kitarudi. Kipande si paka.

Nyinyi mwafanyaje? Mwatafuta picha ya kipande kwenye simu, mwairusha kwenye kundi la ukoo lenye watu mia mbili: "Jamani nimepoteza kitambulisho, ni hiki hapa, atakayekiona anijulishe." Hongera. Kabla ya hapo mwizi alikuwa mmoja. Na sisi wazee si bora. Siku moja msamaria aliokota pochi akaipeleka msikitini, na baada ya sala kipaza sauti kikatusomea jina, jina la baba, jina la babu, mwaka wa kuzaliwa na namba ya kipande, namba baada ya namba, polepole, kwa matamshi mazuri. Kisha ikarudiwa kwa wale ambao hawakupata kuandika. Nia ilikuwa thawabu, na thawabu walipata.

Nacheka, lakini sina haki ya kucheka. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Kazi hii nilifundishwa na marehemu Mzee Hasanali, Mungu amrehemu, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wakati huo hakuna mashine ya fotokopi. Ukitaka barua moja itoke mara tatu, wapachika kaboni katikati ya karatasi, ile karatasi nyeusi inayochafua vidole, kisha wapiga chapa kwa nguvu kama wapiga mende. Kila jioni kabla ya kufunga, Mzee Hasanali alikusanya kaboni zilizotumika na karatasi zote zilizoharibika, akazitia kwenye debe la samli, akazichoma mlangoni. Alisimama hapo mpaka zimekuwa jivu, na lile jivu akalikoroga kwa kijiti. Mimi nilikuwa msichana. Nilidhani ni ubahili uliozidi mpaka ukawa wazimu.

Siku moja nikamuuliza kwa ujeuri wangu, "Mzee, jivu nalo lina kosa gani?" Alichukua kaboni moja kutoka kapuni, akaielekeza juani, akaanza kusoma kwa sauti: "Mpenzi wangu wa moyo, tangu tuonane kwenye maulidi sili wala silali." Ilikuwa barua yangu mimi. Nilikuwa nimeipiga saa ya chakula cha mchana, na nakala nimejiwekea, maana mapenzi pia yataka faili. Nilitamani ardhi ipasuke niingie na mashine ya chapa juu ya kichwa.

"Hulali?" akasema Mzee Hasanali. "Mbona jana ulichelewa kazini kwa usingizi?" Kisha akaacha mzaha. "Binti, karatasi uliyoitupa haijanyamaza. Wewe ndiye uliyeacha kuisikiliza." Tangu siku hiyo nikawa mimi ndiye mchoma karatasi, na kijiti cha kukorogea nikakitafuta mwenyewe.

Ningeendelea hivyo, leo ningekuwa nawahadithia mambo ya watu wengine. Lakini mzee alifariki, nikabaki na kiduka, na fotokopi ikaja. Kaboni zikaisha. Majirani wakawa walalamika moshi wangu wanuka kwenye nguo walizoanika. Debe likaingia kutu. Nikajiambia, ya kaboni yamekwenda na kaboni. Akili nyingi huondoa maarifa, na mimi nilikuwa na akili za kugawa.

Mashine yangu ilikuwa na alama. Kijana mmoja aliyetaka kuposa alikuja na pete ya uchumba, akataka itolewe nakala apelekewe mama mkwe aione kabla ya kukubali. Nikamwambia lete. Akaiweka juu ya kioo, akaiona imekaa vibaya, akaiburuta. Jiwe la pete likachora kioo. Mama mkwe akafurahi kusikia, maana jiwe la kuchora kioo si jiwe la mchezo, na harusi ikawa. Mimi nikabaki na mkwaruzo upande wa kushoto, na tangu siku hiyo kila nakala iliyotoka kwangu ilikuwa na mstari mweusi uliopinda, kama ukucha uliokatwa. Kubadilisha kioo nikaona gharama. Watu wakazoea. Wengine wakidhani ni muhuri wangu.

Na pembeni ya kichochoro alikaa Bi Mishi na karai lake la bhajia. Bi Mishi alikuwa na shida ya karatasi za kufungia. Gazeti lilikuwa lamwaga wino, mteja ala bhajia na habari za siasa pamoja. Akaniona mimi nina kapu la karatasi nyeupe, nene, safi upande mmoja. Tukaelewana bila ya kuandikiana mkataba. Kila adhuhuri yeye alichukua kapu langu la nakala zilizoharibika, na mimi nikaletewa bhajia sita na chatne ya ukwaju. Kuna watu wameuza nchi kwa mambo makubwa. Mimi niliwauza majirani zangu kwa bhajia sita, na chatne ikizidi maji nilinung'unika.

Sasa aja Mwalimu Salama. Huyu alikuwa jirani yangu, mwalimu wa madrasa ya watoto wadogo, mwanamke wa heshima zake. Alikuwa ameahidiwa kazi kwenye shule ya chekechea, na shule ilitaka cheti cha tabia njema kutoka polisi. Akaja kwangu siku ya Jumatatu kutoa nakala ya kipande. Nikakiweka juu ya kioo, kikateleza. Nakala ya kwanza ikatoka kombo, kichwa cha mwalimu kimekatika kwenye paji la uso, lakini jina na namba vyasomeka vizuri. Nikaitupa kapuni. Ya pili ikatoka safi. Tukaulizana hali za nyumbani, akaenda zake.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo mwalimu alikwenda sokoni Marikiti, akarudi kwa tuktuk na vikapu vitatu, akateremsha vikapu vitatu na mkoba akausahau. Ijumaa asubuhi akanijia dukani kijana mrefu, shati limepigwa pasi. Mwenye tuktuk si yeye, yeye ni dereva. Jina lake Kazungu, Mgiriama wa Kaloleni, alikuwa amepanga chumba Majengo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeuona mkoba huu kwenye kiti cha nyuma. Nyumba ya mwenyewe siijui. Ndani kuna bahasha ya picha ina jina la duka lako, ndiyo nikaja."

Mkoba alikuwa ameutia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga mafundo mawili, usije ukafunguka njiani. Nikamwita Mwalimu Salama. Tukaufungua mbele yake. Kila kitu kilikuwako, mpaka tende alizokuwa amenunua zilikuwa hazijapungua kokwa. Mwalimu akamwombea dua ndefu. Alipotaka kumpa kitu, kijana akakataa, akakubali gilasi moja ya sharubati ya ndimu. Akanywa amesimama, akashukuru, akaenda kazini. Mimi nikasema kwa sauti, "Watu wema wangaliko."

Kumbukeni maneno hayo, maana yalidumu wiki mbili.

Nikamuuliza Salama, "Umekwenda polisi?" Akasema, "Nikafanye nini na mkoba umerudi?" Na mimi mwenye miaka yangu yote ya kazi nikamwambia kweli, usijisumbue. Hili nalo liwaingie: mkoba ukilala nje kwa siku moja, hata urudi na tende zake, hesabu umepotea. Badilisha namba za siri. Kaandikishe. Na kuna namba za kubonyeza kwenye simu yako mwenyewe, zinakuonyesha ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kipande chako. Nyinyi mwabonyeza simu kutwa kutazama wanaume wa watu wakicheza. Bonyezeni na hiyo.

Baada ya wiki mbili Mwalimu Salama akaitwa polisi. Kuna laini imesajiliwa kwa jina lake na namba yake, na mwenye laini hiyo amewatapeli watu kuwapangishia nyumba ambayo haipo. Mwalimu wa madrasa, asiyejua hata kumfokea mtoto, aambiwa aeleze. Cheti cha tabia njema kikasimama hapo hapo, na kazi ya chekechea nayo ikaning'inia.

Mtaa ukakaa kitako. Alaa! Nyinyi mwadhani mahakama ziko mjini tu. Njooni mtuone sisi na vikombe vya kahawa. Kesi ilichukua muda wa kumaliza kashata mbili. Mkoba ulilala na nani? Na dereva wa tuktuk. Nani basi? Mmoja akasema mwizi wa siku hizi harudi na pesa, arudi na mkoba ili umwamini. Mwingine akasema aliona tangu mwanzo, kijana gani akataa bakshishi? Yaani angechukua, angekuwa mwizi. Amekataa, basi ni mwizi mkubwa. Na yale mafundo mawili ya mfuko, mtu aliyefunga vizuri hivyo alikuwa aficha nini?

Mimi nilisema kuliko wote. Nilisema, "Fadhila ya punda ni mateke," watu wakacheka, nikairudia.

Polisi wakamwita Kazungu, wakachukua simu yake, wakamwamuru aripoti kituoni kila asubuhi mpaka uchunguzi uishe. Mwenye tuktuk akamnyang'anya funguo siku hiyo hiyo, hataki tuktuk yake itajwe kwenye kesi. Kijana akawa ashinda kwenye benchi la polisi na mke wake yuko Majengo na mtoto wa miezi minne. Siku moja alipita dukani kwangu. Hakuingia. Alisimama pale mlangoni alipokunywa sharubati.

"Shikamoo, mama. Wewe ulikuwapo. Niambie, nilikosea wapi? Ningeuacha barabarani?"

Nikamjibu nikipanga karatasi, "Hayo kawaulize wenye kesi." Hata jicho sikumwinulia. Shikamoo yake pia sikuiitikia, na hilo mpaka leo laniuma.

Kisha nikaitwa mimi, kutoa ushahidi wa namna mkoba ulivyorudi. Sajini aliyekuwa na faili ni mwanamke mpole wa sauti ya chini. Kazungu alikuwa kwenye benchi lake, na Mwalimu Salama kwenye kiti, ameshika kitambaa. Sajini akaniuliza kama namjua huyu kijana. Namjua. Alikaa na mkoba? Usiku mmoja. Nilimwona akiurudisha? Nilimwona. Kila neno langu lilikuwa kweli, na kila neno lilimzamisha.

Halafu sajini akatoa karatasi. "Wakala aliyesajili laini alipewa hii. Hakikuletwa kipande chenyewe, alipokea nakala." Wakala gani simtaji. Alikuwa na macho mawili na akaamua kuyapumzisha.

Nikaitazama karatasi ile. Kichwa cha mwalimu kilikuwa kimekatika kwenye paji la uso. Upande wa kushoto kulikuwa na mstari mweusi uliopinda, kama ukucha. Na katikati kulikuwa na vivuli: mikunjo ya karatasi iliyopindwa kwa kufungia kitu, na doa la duara lililotanda, doa ambalo mtu wa Mombasa halimshindi kulitambua. Mtu alikula bhajia zake, akakunjua karatasi, akasoma, akaenda kuitolea nakala.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa ni ile nguo.

Mle chumbani hakuna mwingine aliyejua. Sajini aliona nakala mbaya tu. Salama aliona uso wake. Kazungu hakuonyeshwa chochote. Sajini akauliza, "Bi, una la kuongeza?"

Nikasema, "Sina."

Naam, mimi, Bi Mai wa hekima, mshauri wenu. Nilisema sina, nikainuka, nikampita yule kijana kwenye benchi. Akanipisha magoti nipite.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye karai la Bi Mishi. Karatasi alikuwa amezitunga kwenye msumari, tayari. Nikaanza kuzichomoa moja moja. Kipande cha mwalimu wangu wa Kurani. Barua ya mirathi ya watu wanne niliyoipiga mimi mwenyewe, na majina yao yote na kiwanja chao. Fomu ya hospitali ya msichana fulani, ina maneno ambayo mama yake hayajui. Na kipande cha binti yangu wa kumzaa, pande zote mbili, kimeshaanza kulowa mafuta.

"Kuna nini, Bi Mai?" akauliza Bi Mishi. "Karatasi zako ni nzuri wallahi, hazivuji."

"Bi Mishi, ile ya Mwalimu Salama ulimfungia nani?"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Kwani mimi husoma? Mimi hukaanga. Wateja wangu ni Mombasa nzima."

Bhajia zangu sita zilikuwa zimeshatengwa kwenye sahani. Nilizitazama, nikashindwa hata kuzigusa. Nikachukua karatasi zote zilizokuwa kwenye msumari, nikamwachia Bi Mishi wateja waliosimama na mikono mitupu.

Asubuhi yake nilitangulia kituoni kabla ya Kazungu kuja kuripoti. Nilikuwa na karatasi za Bi Mishi kwenye kikapu, na juu yake nakala mpya tupu niliyoitoa saa ile ile kwenye mashine, haina kitu ila ule mstari. Nikataka Mwalimu Salama naye aitwe. Walipotimia wote nikaziweka zile karatasi juu ya meza ya sajini, zingali zanuka ukwaju, nikasema, "Jana nilikudanganya kwa kunyamaza. Huyu kijana hana kosa. Kipande hiki kilitoka kwangu." Nikaeleza yote: kapu, bhajia, kioo, pete. Kwenye pete sauti ilinikatika, nikaona aibu ya kulia kwa ajili ya pete ya mtu.

Sajini akaziweka nakala mbili sambamba. Mstari kwa mstari. Akaangalia doa, akaangalia mikunjo, akaangalia kikapu changu. Akasema polepole, "Bi, jana ulikijua hiki?"

"Nilikijua."

Mwalimu Salama alijifunika uso kwa mtandio, akatoka nje. Hakunisemesha miezi mitatu, na mlango wake uko mkabala na wangu. Siku jina lake liliposafishwa kwa maandishi na cheti kikatoka, ile nafasi ya chekechea ilikuwa imeshapewa mtu. Aliipata nyingine mwaka uliofuata. Nikimsalimia leo aniitikia, tena vizuri, lakini nakala zake huzitolea kwingine. Mwizi mwenyewe hajulikani mpaka leo. Alikula bhajia, akashiba, akaondoka.

Kazungu alikuwa amesimama karibu na mlango. Nikamwendea. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yakanipotea. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilikutia ulimini na wewe ulinitendea wema mlangoni kwangu."

Akasema, "Nimekusamehe, mama. Lakini tuktuk ameshapewa mtu mwingine."

Hapo nikakumbuka mdomo wangu una kazi. Nilikwenda kwa mwenye tuktuk, nikakaa mlangoni kwake tangu asubuhi mpaka alasiri, kila mgeni aliyeingia nikimhadithia kisa kizima, nikianza na jina la mwenye nyumba. Siku ya tatu mkewe akatoka akaniomba radhi, akaniomba pia niondoke. Siku ya nne Kazungu akapewa funguo zake. Umbea nao una siku yake.

Debe la samli nililitafuta nyuma ya duka, nikaligonga kutu. Majirani wakalalamika moshi, nikawaambia waanue nguo. Na tangu siku hiyo hakuna nakala ya kipande iliyotoka kwangu bila mistari miwili myekundu ya kukatiza katikati, isiyogusa uso wala namba, na ndani yake nimeandika ni ya nini na tarehe yake: ya maombi ya kazi tu, ya hospitali tu, ya nyumba tu. Nakala hiyo mwizi akiiokota, haimsajilii laini. Kuna waliosema nawachafulia karatasi. Niliwaambia Mombasa ina mashine nyingi, waende kwingine, wezi wanawangoja. Nanyi fanyeni hivyo, kalamu haigharimu tuktuk ya mtu. Na karatasi mbovu isibaki dukani kwa watu. Mkiwa kwangu mlikuwa mkinicheka mkiniona nakoroga jivu.

Bi Mishi amerudia gazeti.

Mwezi mmoja kabla ya kustaafu, alikuja Kazungu. Shati limepigwa pasi vile vile. Alikuwa aenda kufanya upya leseni ya udereva, ataka nakala ya kipande. Tukasalimiana, safari hii shikamoo nikaiitikia kabla hajaimaliza. Nikamuuliza mtoto, akanionyesha picha, atembea sasa. Nikaweka kipande chake juu ya kioo, na kwenye mashine ile, laana yake, kikateleza tena. Ya kwanza ikatoka kombo. Nikaitupa kapuni, nikatoa ya pili, ikawa safi. Nikaipiga mistari yangu miwili, nikaandika "ya leseni tu," na tarehe, nikampa pamoja na kipande chake.

Hakuondoka.

"Kuna jambo, mwanangu?"

Akanyoosha mkono, kiganja juu, kwa adabu zake zote.

"Na ile mbovu, mama."

Alikuwa ameshanisamehe kitambo, na mkono wake haukushuka mpaka nilipoinama kapuni nikampa.